Fungua Mdomo, Mama

Asubuhi ya siku ya kumi na moja bila dawa, Bibi aliketi kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jikoni akafungua mdomo. Mazoea yana tabu. Kwa miezi miwili Fundi, mke wa marehemu mwanawe, alikuwa akimpa vidonge vya kifua kikuu kila kunapokucha, akimsimamia mpaka ameze, kisha akimwambia, "Fungua mdomo, mama, nione." Bibi alifungua, akainua ulimi, akaugeuza huku na huku, maana nesi alisema kuna wazee wanaoficha vidonge chini ya ulimi na kwenda kuvitema nyuma ya nyumba.

"Funga tu, mama," Fundi alimwambia. "Leo pia hakuna."

"Si walisema Alhamisi?"

"Alhamisi ilikuwa jana."

"Na kabla ya hapo walisema Jumatatu."

"Walisema."

Bibi akafunga mdomo. Halafu kikohozi kikaja. Alikohoa ameinama, kiganja kimoja kwenye goti, na Fundi akamshika mgongo mpaka kikapita. Chini ya gauni mbavu zilihesabika.

Mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa sababu ya cherehani iliyokaa dirishani na sare za shule zilizoning'inia ukutani zikisubiri wanafunzi waje kuzichukua. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mjane, hakujaliwa mtoto. Mumewe alipokufa watu walitegemea Bibi ahamie kwa binti yake, lakini Bibi alibaki, na Fundi hakumuuliza kwa nini. Waliishi hivyo miaka minne, vyumba viwili na jiko, wakisemezana habari za sabuni na mvua. Hayakuwa mapenzi ya kusimuliwa. Lakini kila mmoja alimsikia mwenzake akijigeuza kitandani ng'ambo ya ukuta, na kwa mtu mpweke hilo si haba.

Juu ya meza ya cherehani palikuwa na kopo la vifungo. Juu vifungo vyeusi, chini yake kitambaa, na chini ya kitambaa ndipo vilipokaa vidonge vya virusi vya ukimwi ambavyo Fundi alikuwa akivimeza kwa miaka mitano. Kila asubuhi, akishamaliza kukagua mdomo wa Bibi, alikwenda kwenye kopo kama anayetafuta kifungo, akavimeza vikavu. Bibi hakujua. Bibi aliambiwa mwanawe alikufa kwa homa ya mapafu, naye akaliacha hapo. Siku moja alisema tu, "Mashati ya siku hizi yanakula vifungo jamani," Fundi akacheka, na moyo ukamwenda mbio mpaka jioni. Sasa chini ya kitambaa palikuwa patupu kwa siku ya sita.

Nesi alikuwa amemwambia bila kuzunguka. "Yako ni mabaya, Fundi, lakini ya mama ndiyo yananikosesha usingizi. Siku kumi na nne. Zikipita hizo tunaanza upya kabisa, na kwa umri wake sijui kama mwili utakubali. Tena ugonjwa ukishazizoea dawa, hauzisikii." Kumi na moja kutoka kumi na nne ni tatu. Hesabu hiyo Fundi aliifanya tangu kitandani, akaifanya tena akipiga mswaki, na haikubadilika.

* * *

Kituo cha afya kilikuwa na benchi moja refu la mbao kibarazani, na dirisha dogo la dawa lenye nondo. Kwenye benchi hilo ndipo kikundi kilipozaliwa, na kwa kukosa jina la maana wakajiita Watu wa Benchi. Hakuna kati yao aliyewahi kujidhania mpigania haki. Walikuwa mchomea vyuma, mwosha magari, mama wa mitumba, mlinzi wa ghala, Fundi na wengine wa namna hiyo, wenye kifua, wenye virusi, wenye vyote viwili, ambao walichoka kuambiwa Alhamisi. Katibu wao alikuwa Mwalimu, mstaafu aliyefiwa na mkewe baada ya dawa kukatika. Yeye mwenyewe hakuwa mgonjwa. Alikuja kila wiki na kalamu tatu mfukoni, akaketi pale pale alipokuwa akiketi mkewe.

Walishaiandikia bohari ya dawa barua tatu. Siku hiyo jibu lilikuwa limefika, na Mwalimu alilisoma kwa sauti ya darasani.

"Wanasema dawa ni chache kila mahali, kwa hiyo wanaanza na vituo ambavyo vitabu vyake vinaonyesha watu waliokosa. Hapa kwetu, kwa mujibu wa kitabu, tangu mwaka uanze hajakosa hata mtu mmoja."

Watu wakacheka kile kicheko cha kukosa la kufanya.

"Sasa mimi hapa ni nani, picha?" akauliza mchomea vyuma.

"Kesho mkaguzi wao atakuja kwenye mkutano wa wakazi, ukumbi wa shule," Mwalimu akaendelea. "Hebu, Sista, tuone hicho kitabu."

Nesi alisitasita. Kisha, kati ya viwili alivyonavyo, cha kifua na cha virusi, akafungua cha virusi juu ya ubao wa dirisha, akayafunika majina kwa karatasi, akaacha tarehe, idadi na safu ya mwisho tu. Juu ya safu hiyo palipigwa chapa: AMEPOKEA. Chini yake zilifuatana saini, saini, dole gumba, saini, mpaka mwisho wa ukurasa, pasipo nafasi hata moja tupu. Fundi aliiona yake. Tarehe tatu, vidonge thelathini. Siku hiyo alipewa kumi.

Na utaratibu huo wa kusaini kabla ya kupokea ulikuwa wazo la Fundi mwenyewe. Zamani kila mtu alisaini dirishani akishakabidhiwa dawa, mmoja mmoja, nesi akiwa peke yake, na foleni ilikwenda mpaka saa nane. Watu walikatwa mshahara kwa kuchelewa, wengine wakaacha kuja. Fundi ni mtu wa sare, na mtu wa sare hapimi mtoto mmoja, akakata, akashona, ndipo amwite wa pili. Anapima darasa zima kwanza. Akashauri kitabu kizungushwe bencheni asubuhi na mapema nesi akiwa anapanga dawa, wote wasaini, halafu dirishani iwe ni jina na pakiti tu. Foleni ikawa inakwisha saa tatu. Walimpigia makofi. Mwosha magari alimwambia angekuwa waziri wangefika mbali. Dawa zilipoanza kupungua, kitabu kilikuwa kinazunguka vile vile, na watu walikuwa wameshasaini kabla ya kusikia neno Alhamisi. Kitabu cha serikali nacho hakifutwi. Kurasa zake zina namba, na nesi ana watoto wa kulisha.

"Kwa hiyo," Fundi akasema, "sisi wenyewe ndio tuliowaandikia kwamba tumepewa."

"Sisi nani?" Mama wa mitumba alikuwa akitazama viatu vyake. "Mimi nililetewa kitabu, nikaambiwa nisaini, nikasaini."

Benchi zima likamgeukia Fundi. Hawakumchukia, ila kila mtu alikuwa anatafuta pa kuuweka ule uchungu, na Fundi alikuwa karibu.

"Lawama haziponyi mtu," Mwalimu akasema. "Nimeongea na huyo mkaguzi kwa simu. Anataka wenye majina kitabuni waseme wenyewe, mbele yake, kwamba walisaini na hawakupokea. Basi. Nani atasema?"

Mikono ishirini na mitatu iliinuka, na Mwalimu akaihesabu mara mbili kwa furaha. Hakufikiria kwamba ile ilikuwa mikono ya bencheni, mahali ambapo kila mmoja anaumwa na hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole.

* * *

Jioni wifi yake Fundi alipita akitoka kazini. Alikuwa karani wa kampuni ya saruji, mwanamke nadhifu mwenye haraka siku zote. Aliweka machungwa mawili mapajani mwa mama yake, akarudi kusimama mlangoni, kitambaa puani.

"Mama amezidi kukonda. Na wewe unashona tu, wifi."

"Dawa hazipo."

"Hazipo kwa asiyejua kuzitafuta. Ningekuwa mtu wa kushinda nyumbani kama wewe, mama angekuwa amepona zamani."

Fundi alivuta uzi, akauma, akatema ncha yake. "Kesho nitalisema mkutanoni."

"Na mimi nitakuwepo, mwalimu mkuu ametuita wazazi wote kwa mambo ya vyoo. Sema ya mama, ukae chini. Usituingizie habari za wale unaokaa nao benchi moja pale kituoni. Watu watadhani na wewe ni mwenzao."

Fundi akakanyaga cherehani. Pindo la sketi likaenda kombo, ikabidi alifumue lote. Wifi alipoondoka, Bibi alimenya chungwa moja taratibu, akaligawa, akamnyooshea nusu.

"Kula. Na wewe umekonda."

"Mama."

"Eeh."

"Kesho huenda nikasema kitu ambacho hujawahi kukisikia."

Bibi alikuwa anatoa mbegu ulimini. Alizipanga tatu kwenye ganda la chungwa, akakohoa kidogo. "Wewe sema tu," akajibu, "ilimradi dawa zije." Hakuuliza ni kitu gani, na Fundi, Mungu amsamehe, alishukuru kutoulizwa.

* * *

Watu wazima waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Suala la vyoo lilichukua saa nzima. Kisha akasimamishwa mkaguzi, bwana mpole mwenye miwani na uso wa mtu ambaye hajakaa mezani kula kwa siku kadhaa. Mwalimu alisoma malalamiko yao kwa ufasaha, akaweka nukta kila mahali pa nukta.

"Mzee wangu, sikatai," mkaguzi akasema. "Lakini tuliwaletea pakiti arobaini, mkasaini sitini. Mimi nikisoma hivyo naelewa mlikuwa na akiba ya ishirini. Niwanyang'anye watu walioondoka mikono mitupu, niwape wenye akiba?"

"Walisaini kabla ya kupokea."

"Akina nani?"

"Wagonjwa."

"Majina yao siwezi kuyasoma hapa, ni siri ya mgonjwa. Mwenye jina aseme mwenyewe. Na niwaombe radhi, gari linanisubiri, nina vituo vingine viwili leo. Nitaondoka na kitakachoandikwa hapa, na si kingine."

Mwalimu akageuka kutazama ukumbi. Watu wa Benchi walikuwepo, hilo lisemwe, walikuja. Lakini walikuwa wameketi mbalimbali kama ambao hawajawahi kuonana. Mchomea vyuma alikuwa anakagua kenchi za paa. Mama wa mitumba alikuwa amepata kazi ya kufunga kamba za viatu vya mtoto ambaye hakuwa wake. Mikono ishirini na mitatu ya jana, leo hata mmoja haukuonekana.

Fundi akasimama.

"Mimi huwa namsainia mama mkwe wangu, ana kifua kikuu. Tarehe nane nilisaini, sikupewa kitu. Leo ni siku ya kumi na mbili hajameza."

Mkaguzi akafungua kitabu cha kifua, kimoja kati ya viwili alivyotoka navyo kituoni, akapitisha kidole, akaandika. "Siku kumi na mbili ni nyingi. Huyo mama nimemwandika. Jumatatu asubuhi atapata zake, nitamletea mwenyewe kutoka akiba ya dharura."

Wifi, safu mbili mbele, aligeuka akampungia kiganja kuelekea chini: kaa. Na angeweza kukaa. Alichokifuata amekipata, Bibi atameza siku ya kumi na nne yenyewe, nyumba itabaki kama ilivyokuwa. Magoti yake yalishaanza kukunjika.

"Na wengine?" akauliza.

"Kwa wengine sina jina, dada. Mstari mmoja naweza kusema karani alikosea. Siwezi kuhamisha pakiti ishirini kwa kosa la karani."

"Karani hakukosea. Mimi ndiye niliyewafundisha kusaini asubuhi kabla dirisha halijafunguliwa. Wote. Vitabu vyote viwili viko hivyo, cha kifua na cha virusi."

"Wewe unakijua kitabu cha kifua, kwa sababu ya mama. Cha virusi umekijuaje?"

Ukumbi ulikuwa na feni moja mbovu iliyogonga kila ikimaliza mzunguko. Iligonga mara nne. Fundi alimwona mwalimu mkuu, mteja wake mkubwa, ameinua kichwa kutoka kwenye makaratasi yake ya vyoo. Aliuona mgongo wa wifi. Aliogopa kiasi kwamba alisikia baridi kwenye fizi.

"Nimo humo," akasema. "Tafuta jina langu, tarehe tatu. Nilisaini thelathini, nikapewa kumi. Zimeisha wiki hii. Mwaka wa tano huu natumia."

Mkaguzi alitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoliona jina hakusema ameliona. Alivua miwani, akaifuta, akaandika mistari mingi, akaomba mwandishi wa mkutano naye aandike kwamba kuanzia tarehe ya utaratibu ule saini za kituo hazitachukuliwa kuwa ushahidi wa kupokea. Mwenye pengo lake kati ya saini na dawa aliyopewa alipeleke kwa katibu kwa maandishi kabla ya Jumatatu. "Ahsante, mama," akamwambia, ingawa yeye mkaguzi ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri. Fundi akaketi. Mwanamke aliyekuwa dawati moja naye akasogea kidogo, akavuta mkoba wake upande wa pili.

* * *

Wifi alitangulia kufika nyumbani. Fundi alipoingia alikuta begi limeshafungwa zipu, na Bibi amevaa gauni la kutokea, ameketi kwenye kigoda chake. Wifi alikuwa ameshika kikombe cha bati kwa ncha za vidole.

"Mama amekuwa akinywea humu? Mnachangia vikombe?"

"Hebu tupishe kidogo," Bibi akamwambia binti yake, na kwa vile sauti yake ilikuwa ya chini sana, binti akatoka.

Bibi hakumtazama Fundi. Alilitazama kopo la vifungo.

"Mwanangu alikufa kwa nini?"

"Kwa hii hii, mama."

"Si mapafu."

"Mapafu yalikuja mwishoni."

"Nani alimletea mwenzake?"

"Sijui. Tulipima siku moja, tukajikuta wote."

Bibi alitikisa kichwa pole pole. "Miaka minne. Umenifulia, umenipikia, umenikagua mdomo kila siku kama mtoto, na wako umeufunga."

"Niliogopa utaondoka."

 Bibi akajikongoja kusimama, akakataa mkono aliopewa, akashika ukuta badala yake. Mlangoni akakohoa, na Fundi, kwa mazoea, akanyoosha kiganja kumshika mgongo. Kiganja kikabaki hewani. Yalikuwa mambo ya dakika kumi, na jirani aliyekuwa anaanika nguo alipata muda wa kuyaona yote.

* * *

Jumapili, watu kumi na saba walikwenda kwa Mwalimu kuandikisha mapengo yao. Walikwenda mmoja mmoja, kupitia mlango wa nyuma. Jumatatu Bibi alipata dawa zake, nesi akaongeza zile siku kumi na tatu mwishoni mwa kadi. Alhamisi, Alhamisi ya kweli safari hii, gari la bohari lilishusha maboksi kituoni, ya kifua na ya virusi, na wakaahidiwa kila mwezi kuletewa kwa idadi ya watu na si ya saini. Mwalimu alilia mbele ya watu. Hakuna aliyepiga hodi kwa Fundi kumwambia ahsante. Kupiga hodi pale kulishakuwa ni kujitangaza.

Mwalimu mkuu alimtuma mtu aje achukue sare zilizokwisha na zile zilizokatwa tu. "Wazazi wameuliza," ndiyo maneno aliyotumwa nayo. Ukuta ukabaki na misumari. Fundi alipata kazi za kupunguza suruali na kubadili zipu, kutoka kwa wageni wasiomjua. Bencheni walimpisha, walimpisha mno: akiketi yeye, palibaki nafasi ya watu wawili kila upande. "Pita mbele, Fundi," walimwambia kwa heshima, na yeye alijua wanataka amalize aende. Kitabu kilirudishwa dirishani, kila mtu anasaini akishashika dawa mkononi, foleni ikarudi kuwa ya saa nane. Siku moja alimsikia mwosha magari akinung'unika kwamba zamani kulikuwa na utaratibu mzuri sana hapa, sijui nani aliuharibu.

Kule alikohamia, Bibi aliachwa peke yake kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, wifi akiwahi kazini. Jumanne, siku ya pili ya dawa, Fundi alifungua mlango akamkuta amesimama nje. Alikuwa ametembea mitaa minne na fimbo. Mkono mmoja fimbo, mwingine leso yenye kadi na vidonge, na kwapani chupa ya maji aliyotoka nayo huko.

"Jina la msimamizi lililoandikwa hapa ni lako," Bibi akasema, akitazama kando. "Sista hataki kadi ifutwe."

Akameza kwa maji yake, amesimama. Akafungua mdomo. Fundi akainama, akatazama, akatia alama kwenye kadi. Bibi akaipokea na kwenda zake.

Akaja kesho yake. Akaja kila siku. Wiki ya tatu Fundi alianza kumtolea kigoda, na Bibi akaketi, kwa sababu ya miguu. Kikombe cha maji ya vuguvugu kilichowekwa pembeni hakukigusa, alikunywa ya chupa yake. Hawakuzungumza. Fundi alijikuta anaamka mapema kuchana nywele. Siku nzima iliyobaki hapakuwa na mtu wa kumsemesha, zaidi ya cherehani na redio ya jirani, lakini ile dakika moja ya asubuhi ilikuwepo, na aliishi kwayo. Aliona shavu la Bibi linajaa. Aliona kikohozi kinapungua, kinakuwa cha kusafisha koo tu, kinaisha. Alifurahi, na furaha hiyo ilimuuma, maana kila kidonge kilichomponya Bibi kilimpunguzia yeye asubuhi moja.

Na zikaisha. Kadi ilibaki na kisanduku kimoja. Bibi alimeza, akafungua mdomo, akainua ulimi, akaugeuza huku na huku. Fundi alitazama kwa muda, akatia alama ya mwisho, akarudisha kadi.

Bibi aliiweka mapajani. Hakuinuka.

"Na wewe?" akauliza.

"Mimi nini, mama?"

"Umemeza zako?"

"Bado. Huwa nakusubiri wewe kwanza."

"Zilete."

Fundi aliingia ndani, akatia mkono kwenye kopo, vifungo vikamwagika sakafuni, akaviacha. Alirudi na kidonge kiganjani. Bibi alimnyooshea chupa yake, ile ile, akiwa ameshaifungua kifuniko.

"Usimeze kikavu."

Fundi akanywa. Maji kidogo yakamwendea kidevuni.

"Fungua mdomo, nione."

Alipiga magoti ili Bibi asisumbuke kuinama. Akafungua, akainua ulimi, akaugeuza upande huu na upande ule. Bibi alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akachungulia kama alivyofundishwa na nesi, bila haraka.

"Haya," akasema.

Akafunga chupa, akachukua fimbo yake, akashika njia. Hakusema kama kesho atakuja, na Fundi hakuthubutu kumuuliza. Alisimama mlangoni mpaka gauni lilipopotea kwenye kona. Kisha akaingia ndani kuokota vifungo, na kigoda akakiacha pale pale nje.